Daftari la Ijumaa

Daftari lenyewe ni dogo, linatosha mfuko wa shati, na kalamu yake ni ya risasi. Wino haufai. Septemba mjini Doha unyevu wa bahari huingia hadi kwenye karatasi, mkono ukitoa jasho maandishi husambaa, na ukurasa uliosambaa haurudi. Simu ingewezekana, lakini simu iliyoinuliwa mbele ya watu hudhaniwa kuwa kamera, na watu wakiona kamera huanza kucheza kwa ajili yake. Kwa hiyo kijana huyu wa Mombasa, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sosholojia, huchonga penseli mbili kabla ya kutoka. Moja ikivunjika ncha hatafuti kichongeo katikati ya mechi.

Anachotafiti ni namna Waafrika Mashariki wanaofanya kazi Qatar wanavyoitumia siku yao ya ofu. Kuna watakaocheka: mapumziko nayo yanasomewa chuo kikuu? Yanasomewa, tena kwetu yana historia ndefu. Mwaka 1975 Terence Ranger alitoa kitabu kuhusu ngoma ya beni, akaonyesha kuwa nyuma ya magwanda na matarumbeta palikuwa na vyama vya kusaidiana, vyenye vyeo na michango. Mwaka 2001 Laura Fair akaandika juu ya mpira, taarabu na mavazi ya Unguja baada ya utumwa, na kupitia mambo hayo yanayoitwa ya kupitisha wakati akaona watu waliokuwa watumwa wakijijengea heshima na uraia. Kijana anavyo vitabu hivyo viwili mezani, kingo zimejaa vikaratasi.

Lakini kazi haikuanzia uwanjani. Ilianza na kamati ya maadili ya utafiti, ambayo humuuliza mtafiti swali moja gumu kwa njia nyingi: huyu unayetaka kumhoji, anaweza kukukatalia? Mfanyakazi anayelala kwenye kambi ya mwajiri, ambaye kibali chake cha kukaa nchini kimefungamana na ajira hiyo, hawezi kumkatalia mgeni aliyeletwa na msimamizi wa kambi. Basi hakupitia kwa msimamizi. Alimfuata nahodha wa timu ya walinzi inayocheza mpira siku za Ijumaa, naye akawauliza wenzake, nao wakachukua muda wao.

Fomu ya ridhaa aliiandika kwa Kiswahili, kisha akaisoma kwa sauti, sentensi kwa sentensi, akinyamaza baada ya kila moja. Hakuomba sahihi. Aliomba mtu aseme mwenyewe kwamba amekubali. Nilimuuliza kwa nini, akanieleza kwamba wengi wa hawa walisaini mkataba mmoja nyumbani, wakakuta mwingine wenye mshahara mdogo ukiwasubiri Doha. Kumpa mtu kama huyo karatasi na kumwambia "weka sahihi hapa" ni kumkumbusha jambo ambalo hakuja kiwanjani kulikumbuka.

Kiwanja ni uwazi wa vumbi pembezoni mwa eneo la viwanda, ambalo wakazi wake huliita Sanaya. Magoli ni mawe. Baada ya swala ya alasiri jua linapopungua ukali, wanaume wanatokea mmoja mmoja, wengine bado na suruali za ulinzi, jezi begani. Anawasalimu wote, wakubwa kwanza. Wamempa jina: Bwana Daftari. "Bwana Daftari, leo usiniandike, nimelala saa mbili tu," mmoja anamwambia, na daftari linabaki mfukoni.

Mechi ikianza ndipo unaona ustadi wake. Macho yetu sote yanaufuata mpira. Yake yanakwenda kwingine. Anaandika nani aliyeubeba mpira kutoka kambini na nani aliununua. Anaandika chupa za maji zimepitia mikono ya nani kabla ya kumfikia kipa. Anaandika saa ambayo beki wa kushoto anatoka bila kuambiwa, kwa sababu basi la zamu ya usiku halimsubiri mtu, na jinsi pengo lake linavyozibwa bila mchezo kusimama. Anachora ramani ndogo: mawe, safu ya viatu, mtu aliyeketi kando ya viatu, Waganda walipokaa, Wakenya walipokaa, nani amevuka upande wa pili na wakati gani. Maneno yenyewe ni machache, ya mkato, na kwa mtu mwingine hayasomeki. Ni vishikizo tu vya kumbukumbu.

Kazi nzito ni ya usiku uleule. Ana kanuni: halali kabla hajayafungua yale maneno ya mkato kuwa maelezo kamili, maana kumbukumbu ikilala huamka imejirekebisha. Katika daftari kubwa, ukurasa wa kushoto ni wa alichokiona na kukisikia, wa kulia ni wa anachokifikiria. Nilimtazama akiandika upande wa kushoto kwamba winga alifurahi. Akasimama, akakata. Furaha hakuiona. Akaandika badala yake: alifunga, hakushangilia, alirudi kati akitazama chini, halafu akamgusa kipa wa upande wa pili bega. Kisha akahamia kulia na kuandika: labda wanalala chumba kimoja? Niulize. Sentensi hiyo moja ilimchukua muda ambao mwandishi wa habari kama mimi angemaliza taarifa nzima ya mechi.

Majina hayamo. Kila mtu ana jina la kubuni, lakini hilo halitoshi, kwa kuwa kipa Mganda kwenye timu ya walinzi hutambulikana hata bila jina. Kwa hiyo hubadilisha nafasi ya uwanjani, mara nyingine na nchi, na jina la kampuni haliandikwi popote. Tahadhari hii ina sababu. Mei 2021 Malcolm Bidali, mlinzi Mkenya aliyekuwa akiandika kwa jina la kalamu kuhusu maisha ya wafanyakazi Qatar, alikamatwa, akawekwa ndani karibu mwezi mzima, na baadaye akatozwa faini ya riali 25,000.

Mahojiano hurekodiwa baadaye, kwa wanaokubali. Unukuzi anaufanya mwenyewe, vipokea sauti masikioni, akirudisha nyuma sekunde chache kila mara. Saa moja ya mazungumzo humla siku nzima ya kazi, kwani Kiswahili chao kimechanganyika na Sheng, Kiganda na Kiarabu cha kazini, naye hakisafishi. Kicheko anakiandika. Kimya pia, na urefu wake. Baada ya hapo huyachapa yote, huyakata kwa mkasi na kuyapanga mezani kwa mada. Mwanzoni alikuwa na rundo moja kubwa aliloliita burudani, likameza karibu kila kitu. Alilivunja, ukatoka usingizi, likatoka deni, zikatoka simu za nyumbani.

Kwa msomi anayetafuta mada, Doha hazikosekani, na nyingi zinang'aa. Kuna makumbusho ya michezo ya 3-2-1 yaliyofunguliwa 2022, kuna Maktaba ya Taifa, kuna vyuo vya Education City. Kuna mwanariadha Stephen Cherono wa Keiyo, Kenya, aliyegeuka Saif Saaeed Shaheen mwaka 2003, akaipa Qatar dhahabu mjini Paris mwaka huohuo katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na mwaka 2004 akaweka rekodi ya 7:53.63 iliyodumu hadi 2023. Viwanja vya Kombe la Dunia vimeshaandikiwa sana. Mimi ningependa mtu aende kwa dada zetu wa kazi za ndani, ambao sheria ya 2017 iliwapa saa 24 za mapumziko kila wiki, aone wanaozipata wanakwenda wapi nazo. Mwanamke anayejua Kiswahili ndiye angeifanya kazi hiyo, na kwa subira kama hii.

Rasimu ya sura ya kwanza kijana hakumpelekea profesa kwanza. Alimsomea nahodha, wawili hao wakiwa wamekaa nje ya duka la chai. Nahodha alisikiliza, akacheka mahali pa kuchekea, akamzuia mara moja tu. "Huyu uliyemwita mtazamaji, wa kwenye viatu. Huyo si mtazamaji, ndugu yangu. Huyo ndiye mweka hazina. Michango ya msiba, ya mgonjwa, ya tiketi ya mwenzetu aliyefukuzwa, yote inatolewa pale pale, mtu anapoinama kuvua viatu."

Kijana hakujitetea. Aliuliza kama anaweza kuliandika hilo, akajibiwa aandike, ila asitaje kiasi. Usiku alizitoa ramani zake zote za Ijumaa, akazipanga kwa tarehe, na akaanza upya kutoka ya kwanza, safari hii akihesabu nani aliinama pale kwenye viatu, na kwa muda gani.