Titi la Sponji
Audre Lorde aliondolewa titi mwaka 1978. The Cancer Journals kikatoka 1980. Nilikisoma miezi minne baada ya mionzi. Pale muuguzi anapomwambia avae titi la bandia, asije akashusha ari ya watu pale ofisini kwa daktari, nilikifunga kitabu kwanza. Lorde alikataa. Mimi nilivaa: sponji ndani ya sidiria, harusini kwa mdogo wangu, jasho likinitiririka. Anapodai kwamba titi hilo ni njia ya kuwanyamazisha wanawake, naona kama ananionea. Yeye alizungukwa na wanawake waliomwelewa; mimi nilizungukwa na mashangazi. Lakini zile kurasa za shajara, zenye hofu tupu, hazibishani na mtu. Hizo nazirudia kila ninaposubiri majibu ya vipimo.