Mwalimu Hupikwa na Darasa

Kila mwaka vijana wa vyuo vya ualimu hufunga mabegi yao na kusambazwa mashuleni kwa mazoezi ya kufundisha, ambayo wenyewe huyaita BTP (Block Teaching Practice). Waulize wamefikaje kwenye ualimu, na wengi watakujibu bila kuficha: matokeo ya mtihani ndiyo yaliyoamua, au mzazi alisema huko ajira ni ya uhakika, au nafasi ya fani waliyoitaka ilikosekana. Wachache sana watadai walikua na hamu ya kushika chaki. Hata hivyo, wakishakaa darasani kwa muda, baadhi yao hurudi chuoni wakiwa watu wengine. Anayetaka kujua kilichowabadilisha asiende kusikiliza hotuba za Siku ya Walimu. Akakae dawati la nyuma la darasa la pili, kipindi cha hesabu.

Ubaoni pana swali: 42 kutoa 17. Mwalimu tarajali amekwisha kueleza kwa vijiti vilivyofungwa kumi kumi, darasa zima limeitikia "ndiyo, mwalimu", naye ameridhika. Daftari zinapokusanywa, kadhaa zina jibu 35. Mgeni wa kazi huweka alama nyekundu ya kosa na kufungua daftari linalofuata. Mwalimu mwenyeji, aliyeizoea kazi, humwambia: mwite mmoja, mwulize amefanyaje. Mtoto anaeleza bila wasiwasi. Mbili kutoa saba haiwezekani, kwa hiyo amefanya saba kutoa mbili, akapata tano. Nne kutoa moja, tatu.

Kumbe hakubahatisha. Anayo kanuni, tena anaifuata kwa uaminifu: namba ndogo hutolewa kwenye kubwa, iwe juu au chini. Na kanuni yenyewe huenda aliipata shuleni hapo hapo, pale alipoambiwa darasa la kwanza kwamba namba kubwa haitoki kwenye ndogo. Mwalimu mzuri huyasikiliza makosa kama fundi cherehani anavyosikiliza mlio wa mashine kabla hajaifungua. Jibu lililokosewa humwonyesha mahali fikra ya mtoto ilipokwama, jambo ambalo jibu sahihi mara nyingi hulificha.

Tiba yake haihitaji maneno mengi. Mtoto anapewa mafungu manne na vijiti viwili, kisha anaombwa atoe 17. Anatoa fungu moja upesi. Bado vijiti saba vya kutoa, naye ana viwili tu vilivyo wazi. Anayatazama mafungu matatu yaliyobaki, anamtazama mwalimu. Hapa ndipo tarajali hujaribiwa, maana ulimi unawasha kusema "fungua moja". Mwenyeji humzuia kwa macho. Mtoto akishaifungua kamba mwenyewe, akahesabu vijiti 12, akatoa saba, akabaki na mafungu mawili na vijiti vitano, kule kukopa alikokuwa akiimbishwa ubaoni kumepata maana. Hatahitaji kukaririshwa tena.

Ni dakika hiyo inayowanasa vijana wengi. Mtu aliyekuja akitafuta cheti ameona wazo likizaliwa mbele yake, na ameona kwamba lilizaliwa kwa sababu yeye alinyamaza kwa wakati. Kesho yake anaanza kutazama daftari kwa jicho jingine.

Kwenye kusoma ustadi huo huo unarudi kwa sura nyingine. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto akizishika silabi, njia imefunguka. Hatari yake ni wimbo. Darasa likiimba ba, be, bi, bo, bu, yuko mtoto anayeimba kwa sauti kuliko wote huku macho yake yakiwa dirishani. Mwalimu mzoefu humgundua kwa kuchanganya kadi: anaanza na bo, anarudi be, anaunganisha na silabi ya jana kupata neno ambalo halijawahi kuimbwa. Baadaye huja mb, nd, ny, na ule mlima wa kutofautisha ngoma na ng'ombe, ambao watoto huupanda kwa masikio kwanza ndipo macho yafuate.

Hata kuuliza swali ni ufundi. Tarajali hutaja jina kwanza kisha swali, na watoto wengine wote hupumzika papo hapo. Mzoefu huuliza, hungoja, huyapitisha macho darasani, ndipo hutaja jina. Ule muda mfupi wa kungoja huwalazimisha wote kufikiri, kwa kuwa hakuna anayejua zamu itamwangukia nani. Katika madarasa yaliyofurika tangu elimu bila malipo ilipoanza Tanzania Januari 2016, mengine yakipita watoto mia, ufundi mdogo kama huu ndio unaoamua kama somo limewafikia watoto walioketi nyuma.

Historia yetu ina ushahidi mkubwa kwamba darasa humpika mwalimu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa madarasa vijijini, wakifundisha huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na usimamizi wa walimu waliowatangulia. Baadaye "mwalimu wa UPE", yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, likawa jina la kejeli, na upungufu wa mafunzo yao ulikuwa wa kweli. Lakini wako waliodumu kazini hadi kustaafu, na wanafunzi wao bado wanawataja kwa heshima. Hao darasa liliwapika kabla ya vyeti vyao.

Hata hivyo, mapenzi ya kazi hayalipi kodi ya nyumba, na kumsifu mwalimu kwa wito wake kumetumika mara nyingi kuahirisha madai yake. Wala si kila tarajali hunaswa. Anayegundua mapema kwamba darasa halimwiti afadhali aondoke, kwa faida yake na ya watoto.

Ila anayeweza kunaswa anahitaji mtu wa kumwonyesha pa kutazama. Shule nyingi hupokea tarajali kama nafuu ya ratiba: anakabidhiwa vipindi vyote, mwenyeji anaenda ofisini, na mkufunzi wa chuo anapokuja kukagua anakuta andalio la somo lililonyooka na kijana aliyechoka. Mwalimu mwenzangu unayepokea tarajali, baki naye darasani. Keti nyuma, msahihishe daftari pamoja, na mkifika kwenye jibu 35 msilipite. Mwiteni mtoto, mwulizeni amefanyaje.