Lugha ya Kuagizia Programu

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Edsger Dijkstra, bingwa wa Kiholanzi wa elimu ya kompyuta, aliandika insha fupi ya kupinga rai ya kuamrisha mashine kwa lugha ya kawaida. Alama za hisabati, asema, hazikubuniwa ili kuwatesa wanafunzi, bali kwa sababu maneno matupu huruhusu upuuzi kupita bila ya kutambuliwa. Insha hiyo yastahili kusomwa upya, maana alilolipinga limekwisha kuwa. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mtu asiyejua hata amri moja ya kompyuta aweza kueleza haja yake kwa Kiswahili, na msaidizi huyo wa mashine akamwandikia programu.

Aghalabu programu hiyo hufanya kazi. Kama hufanya kazi iliyokusudiwa, hilo ni jambo jingine, nalo lawahusu wanalugha. Na achukuliwe mweka hazina wa chama cha ushirika aagizaye hivi: “Wanachama wasiolipa ada na mkopo watolewe.” Sentensi haina kosa la sarufi. Lakini ni wale waliokosa kulipa vyote viwili, au hata kimoja? Ni wasiolipa mwezi huu, au wasio na desturi ya kulipa? Na watolewe wapi: katika orodha, au katika chama chenyewe? Tena akisema kwamba afikaye baada ya saa mbili asubuhi amechelewa, mashine iliyolelewa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza yaweza kuandika 2:00, ambayo kwa Mswahili ni saa nane.

Hadi hapo Dijkstra ameshinda. Walakini aliitazama lugha kana kwamba ni barua iliyokwisha kutiwa posta, ilhali lugha ni majibizano. Karani mwema akipewa agizo lile huuliza, “Vyote viwili, mzee, au kimoja?” Msaidizi aulizaye hivyo kabla ya kuandika hufanya kazi ileile ya alama, yaani kuzuia upuuzi. Yule akimbiliaye kumridhisha bwana wake kwa mistari mia tatu ambayo hakuna atakayeisoma astahili lawama yote ya Mholanzi huyo.

Wala alama peke yake si kinga. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala juu ya madeni ya serikali, yaliyotajwa sana na wenye kutaka matumizi ya serikali yapunguzwe. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon na walimu wake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst walionyesha, pamoja na kasoro nyingine, kwamba fomula moja ya wastani katika lahajedwali lao iliziacha nje nchi 5. Fomula ile haikuwa na utata hata chembe. Ilikuwa kosa tu, na jibu likatoka safi.

Wasifuo wasaidizi wa leo husahau dawa iliyokwisha kutungwa kwa maradhi haya. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 Gregg Rothermel, Margaret Burnett na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oregon State walitengeneza lahajedwali ambalo kisanduku chenye fomula isiyojaribiwa huzungushiwa mpaka mwekundu. Mtumiaji hutia alama ya vema penye jibu analoliona sawa, na rangi hugeuka zambarau, kisha buluu majaribio yakitimia. Chombo hicho hakikumwandikia mtu fomula yoyote. Kilimkumbusha tu asichokitazama.

Msaidizi wa Kiswahili angefaa kufuata njia hiyo. Asimwonyeshe mweka hazina mistari ya programu, bali watu: huyu kalipa ada, mkopo hakulipa, yumo au hayumo? Hapo mzee, asiyejua alama yoyote, atajibu mara moja, na huenda akagundua kwamba katiba ya chama chake nayo haikusema.