Konzo: nyundo ya mpira ilivyoonyesha palipoharibika

Mwaka 1981, ukame ulipobana mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, watu waliolala wazima walianza kuamka miguu imekakamaa. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto, na hesabu ilipokamilika wagonjwa walizidi 1,100. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa. Kongo ulikuwa umeshaelezwa mwaka 1938 na daktari Giovanni Trolli kwa jina la konzo, ambalo ndilo lililobaki. Mwaka 1985 ukazuka Tarime, mkoani Mara, nako wakati wa ukame.

Miguu ya watu wengi inapopooza ghafla, polio ndiyo hufikiriwa kwanza. Vijijini humo hakukuwa na mashine ya kupiga picha ya ubongo. Kifaa kilichoamua mambo kilikuwa nyundo ndogo ya mpira.

Amri ya kutembea hupitia seli za neva za ngazi mbili. Za juu zimo kwenye gamba la ubongo, na nyuzi zake hushuka ndani ya uti wa mgongo. Huko hukutana na seli za chini, ambazo hupeleka amri hadi kwenye msuli. Polio huua seli za chini: msuli hulegea na kukonda, na goti likigongwa halijibu kitu.

Kwenye konzo ni kinyume. Mgonjwa anaketi ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, na daktari anagonga kano iliyo chini kidogo ya pia ya goti. Kwa mtu mzima wa afya, kano ikivutika, habari hufika kwenye uti wa mgongo na jibu hutoka hapohapo bila kusubiri ubongo. Mguu huruka kidogo na kutulia. Ubongo hapa ni breki: muda wote huzuia majibu hayo yasipite kiasi. Mguu wa mgonjwa wa konzo huruka kwa nguvu, wa kulia sawa na wa kushoto. Unyayo ukisukumwa juu ghafla na kushikiliwa, kifundo hutetema mfululizo. Breki imekatika, lakini seli za chini ziko hai.

Ikabaki kujua kama kilichoumia ni uti wa mgongo wenyewe. Kifua kikuu cha mgongo, kwa mfano, kikiubana uti huweza kukakamaza miguu, lakini mara nyingi huvuruga pia hisia za ngozi na kufanya mkojo ushindwe kuzuilika. Wagonjwa wa konzo walikuwa na hisia zao zote, na mkojo wao haukuwa na shida. Njia iliyoharibika ilikuwa moja tu: ile ya amri itokayo ubongoni.

Vipimo vya kisasa vilikuja baadaye. Wagonjwa wawili kutoka Tanzania walichunguzwa Sweden, na matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Picha za ubongo na uti wa mgongo hazikuonyesha kasoro. Lakini ubongo uliposisimuliwa kwa sumaku kupitia fuvuni, misuli haikutoa jibu. Nyundo ilikuwa imesema kweli.

Madhara yaliyotokea ghafla, pande zote mbili sawa, kisha yakakoma bila kuendelea, yalielekeza kwenye sumu. Hans Rosling, daktari Msweden aliyekuwa Nampula, na wenzake walifuatilia chakula. Mhogo mchungu una linamarini, kemikali inayozaa sianidi, na ukame huiongeza. Njaa nayo iliwafanya watu wafupishe siku za kuvundika na kuanika. Mwili huweza kuivunja sianidi kwa kutumia salfa itokayo kwenye protini, lakini samaki na nyama vilikuwa vimeadimika, hasa kwa akina mama na watoto walioachishwa ziwa.

Hoja hii ina pengo moja: sayansi bado haijaeleza kwa nini sumu hiyo huchagua seli za juu na kuziacha za chini. Hata hivyo, vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1996 vimejengwa juu ya uchunguzi uleule: mwendo wa miguu iliyokakamaa, mwanzo wa ghafla usioendelea kuzidi, na magoti au vifundo vinavyojibu kupita kiasi.

Seli hizo zikiharibika hazirudi, kwa hiyo kinga ndiyo tegemeo, nayo iko jikoni. Howard Bradbury wa Australia alibuni njia ambayo imetumika Kongo: unga wa mhogo hulowanishwa, hutandazwa usizidi unene wa sentimita 1, huachwa juani saa 2 au kivulini saa 5 ili sianidi itoke hewani, kisha hupikwa ugali siku hiyohiyo. Haihitaji kifaa chochote ambacho nyumba ya kijijini haina.