Ngoma na Wenyewe

Msomaji, bila shaka umekwisha kuisikia methali isemayo, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wengi huitamka wanapopokea wageni, kisha wakaisahau nusu yake ya pili. Methali hii ina watu wawili: yupo mgeni ajaye, na yupo mwenyeji apataye kupona kwa kuja kwake. Basi katika insha hii natuifanye mizani, tupime kwayo jinsi mji wa Nairobi unavyowaonyesha wageni ngoma zetu na wanyama wetu.

Tuanze na Bomas of Kenya, kule Lang'ata. Serikali iliiasisi mwaka 1971 ili kuhifadhi utamaduni wa makabila ya Kenya na kuwavuta watalii. Zilijengwa nyumba kwa mtindo wa kale wa makabila mbalimbali, na kwa miaka mingi wageni waliketi alasiri katika ukumbi mkubwa wa mviringo kutazama ngoma moja baada ya nyingine, hata wanasarakasi walipokuja kufunga shughuli. Haki na itangulie lawama. Wachezaji wale walikuwa mafundi wa kweli. Tena kikundi kilikuwa kimoja, nacho kilicheza ngoma za makabila mengi, Mkamba akajifunza hatua za Mdigo na Mdigo za Mkamba. Mtu aliyelelewa Kaloleni au Jericho, ambako makabila hayo hugawana ukuta mmoja na bomba moja la maji, hawezi kulidharau jambo hilo.

Kasoro yake ni nyingine. Itazame isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi ya Kenya. Vigoma vyake ni vitatu, kikubwa, cha kati na kidogo, navyo hufuatana na pembe ya swala na manyanga ya chuma. Kwao haipigwi kwa sababu saa imefika. Hupigwa kwa sababu mtoto amezaliwa, au arusi imewadia, au mzee amefariki. Tukio ndilo liitalo ngoma. Jukwaani mambo hugeuka: saa ndiyo iitayo, na ngoma ya msiba na ngoma ya arusi hupewa dakika zilizo sawa na makofi yaliyo sawa. Mgeni huondoka amejua miguu ilivyokwenda, asijue kwa nini ilikwenda. Tena angalia ajabu hii. Mwaka 2014 UNESCO iliitia isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Yaani ngoma yaweza kuonyeshwa Nairobi miaka zaidi ya 40, na huko kwao ikawa bado hatarini. Kuonyesha si kuhifadhi.

Sasa tuje Eastlands. Kando ya Barabara ya Jogoo, jirani na Kaloleni, upo uwanja wa mpira uitwao City Stadium. Kwa miaka mingi mashabiki wa AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, waliingia humo na vigoma vya isukuti. Hapakuwa na mtangazaji wa kueleza wala ratiba iliyochapwa. Bao likiingia, vigoma vilipamba moto. Bao likiingia upande wao, vilinyamaza, kisha vikaanza tena polepole kama mtu ajipaye moyo. Mgeni ambaye angeketi hapo alasiri moja angeifahamu isukuti kuliko aliyeitazama jukwaani mara kumi, kwa kuwa angeiona ikifanya kazi yake.

Utasema, "Lakini huo ni mpira, si utamaduni." Hapo ndipo tunapokosea wengi. Twadhani utamaduni ni kitu kilichokwisha, kilichovaa ngozi. Mwomboko wa Wakikuyu huchezwa kwa kodiani, na kodiani ni chombo cha Kizungu; vijana wa zama za ukoloni ndio waliochanganya hatua za kwao na za dansi ya kigeni, wakapata ngoma yao wenyewe. Ngoma iliyo hai hubadilika. Mwenye kumficha mgeni mabadiliko hayo humwonyesha kinyago.

Kuhusu wanyama, kosa ni lile lile. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, nayo ina eneo la kilomita za mraba 117. Mgeni huelezwa kuwa amefika penye pori asilia. Ni nadra kuelezwa kwamba Wamasai walilisha ng'ombe wao katika nyika hizo kabla ya kuondolewa. Na mwenyeji je? Mtoto wa Makadara aweza kumaliza shule akimjua simba kwa sarafu ya shilingi kumi tu, ingawa simba mwenyewe hulala kilomita chache kutoka kitandani pake. Mnyama anayemjua vema ni korongo mwenye kichwa cha upara, asimamaye juu ya jaa la Dandora. Huyo naye ni kiumbe wa porini, lakini hakuna gari la watalii linalosimama kwa ajili yake.

Sisemi jukwaa livunjwe. Mgeni wa siku mbili hawezi kungoja arusi, na mchezaji lazima ale kwa jasho lake. Mwezi wa Machi 2025 ulizinduliwa pale Bomas ujenzi wa jumba kubwa la mikutano ya kimataifa. Basi huu ndio wakati wa kudai kwamba jukwaa lijalo limtaje mwenye ngoma na tukio liiitalo, na liwe na kiti cha mtoto wa Eastlands kwa bei aiwezayo mzazi wake.

Nawe msomaji, siku utakapopelekwa na shule yako kutazama ngoma au wanyama, usitosheke na kupiga makofi. Uliza: Ni nani mwenye hiki? Huwa lini kwao? Naye mwenyewe yuko wapi leo? Ukiona viti vyote vimejaa wageni, na mwenyeji amesimama nje ya lango, jua kwamba nusu moja tu ya methali yetu imetimia.