Maneno ya Enoch Sontonga na Wajibu wa Waimbaji

Pana desturi njema iliyoenea katika nchi zetu, ya waimbaji kukusanyika na kumkumbuka mtunzi aliyekwisha kufa kwa kuziimba tungo zake. Desturi hii yastahili sifa, lakini yataka pia kupimwa. Mpiga ngoma hukumbukwa kwa mikono yake, na mwimbaji kwa sauti yake. Bali mtunzi wa maneno hana cha kukumbukwa ila maneno yenyewe. Yakiimbwa yasisikike, ni kama amezikwa mara ya pili. Twataka kulichunguza jambo hili kwa mfano wa mtu mmoja, ambaye wimbo wake waimbwa katika shule zote za Ndalambo, na walio wengi katika waimbaji hao hawalijui jina lake.

Enoch Mankayi Sontonga alizaliwa yapata mwaka 1873 katika upande wa mashariki wa Rasi, Afrika Kusini. Alifunzwa ualimu Lovedale, kisha akafundisha katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alikuwa mwalimu, mkuu wa kwaya, mhubiri na mpiga picha. Mwaka 1897 alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti wa kwanza pamoja na kiitikio, na mwaka 1899 wimbo ukaimbwa mbele ya watu katika ibada ya kumwekea mikono kasisi mmoja. Nyimbo zake aliziandika katika daftari kwa alama za sol-fa, akikusudia kuzipiga chapa. Lakini alikufa tarehe 18 Aprili 1905, na kusudi lake halijatimia. Baadaye wakuu wa kwaya walikuwa wakienda kwa mjane wake kuziazima nyimbo hizo, na mwisho daftari likapotea.

Wimbo huu mmoja uliokolewa na vinywa vya watu. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliutangaza. Tarehe 8 Januari 1912 ukaimbwa katika mkutano wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Mwaka 1923 Solomon Plaatje akautia katika sahani ya santuri mjini London. Na mwaka 1927 zikachapwa beti saba zilizoongezwa na mshairi Samuel Mqhayi, za kuwaombea wakuu, vijana, wanawake, wachungaji, na kazi ya kilimo. Basi anayemheshimu Sontonga kwa kuuimba wimbo mzima, hana budi kumtaja na Mqhayi.

Heshima kuu ilikawia. Kaburi lake katika makaburi ya Braamfontein lilitafutwa kwa taabu nyingi, maana katika daftari la maziko alikuwa ameandikwa Enoch tu. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Nelson Mandela alifunua jiwe la ukumbusho hapo, na kaburi likatangazwa kuwa mahali pa urithi wa taifa. Wimbo wake ulikuwa umekwisha kuwa wimbo wa taifa tangu mwaka 1994. Mtu aliyewapa maelfu ya watu neno la kusema, hata jina lake la ukoo lilikuwa limeachwa nje ya kitabu.

Sasa tuyatazame maneno. Sisi tukaao Ndalambo tuna nafasi ya kuhukumu ambayo wengi hawana. Mpaka wa Zambia u karibu, na Wanyamwanga wako pande zote mbili. Tanganyika iliichukua sauti ya Sontonga mwaka 1961 ikaitilia maneno ya Kiswahili, na Zambia ikaichukua mwaka 1964. Lakini maneno ya Zambia si tafsiri. Yalipatikana kwa mashindano, yakaunganishwa kutoka katika tungo za watu kadha wa kadha. Wimbo wa Tanzania ni sala tangu mwanzo hata mwisho. Wimbo wa Zambia ni sifa: wawaita wananchi wasimame na kuimba juu ya nchi yao, nao wamsifu Mungu.

Tulipoiongoza kwaya katika jioni ya kumkumbuka Sontonga, tuliwaagiza waimbaji waitoe sauti kwanza kwa midomo iliyofumbwa, bila neno lolote. Watu wote walisimama, wenyeji na wageni wa ng'ambo ya mpaka, kila mmoja akidhani ni wimbo wa kwao. Maneno yalipoingia, wageni walinyamaza wakasikiliza. Sisi tuliokuwa mbele ya kwaya tuliliona wazi jambo ambalo vitabu hulieleza kwa shida: sauti huwakusanya watu, bali neno ndilo huwaambia wamekusanyika kwa ajili ya nini.

Je, maneno ya Kiswahili yamemtendea haki mtunzi? Twaona kwamba yamemtendea haki katika jambo lililo kubwa. Sontonga, akiwa mwalimu wa shule ndogo mwaka 1897, hakuliombea kabila lake, aliiombea Afrika. Kiswahili kimeuhifadhi upana huo katika ubeti wa kwanza, na taifa likangoja ubeti wa pili. Tena neno Nkosi kwa Kikhosa ni mkuu, na pia ni Bwana Mungu. Mfasiri angaliweza kusema Bwana. Lakini katika miaka ile bwana alikuwa pia mkubwa wa serikali na mwenye shamba, wala hapakuwa na haja ya kumchanganya na Yule anayeombwa. Neno Mungu halina mashaka hayo, na Mwislamu na Mkristo hulitamka pamoja. Hapa mfasiri ameliacha neno ili alishike kusudi.

Palipo na hasara ni katika kuimba. Mkazo wa Kiswahili huanguka katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kwaya nyingi, kwa kutafuta utamu, huivuta silabi ya mwisho mpaka neno likapoteza sura yake. Wengine humeza viambishi. Katika ibariki, ile i- yaielekea Afrika. Katika wabariki, ile wa- yawaelekea viongozi. Mtoto anayevimeza huomba baraka asijue anamwombea nani. Na kinanda kikipigwa kwa nguvu, hata mwimbaji aliye hodari hawezi kuliokoa neno.

Kwa hiyo twawashauri walimu wenzetu wanaotaka kumheshimu mtunzi ye yote kwa kuimba. Kwanza, maneno na yasomwe mbele ya watu kwa sauti ya kawaida, na jina la mtunzi litajwe kwa ukamilifu. Pili, ubeti mmoja uimbwe bila chombo. Tatu, mwimbaji asiongeze madoido mahali ambapo neno ni zito, maana siku hiyo si yake.

Twaongeza neno moja kwa ajili ya nchi hii. Katika shule na makanisa ya Momba wako walimu wanaotunga nyimbo kwa Kiswahili na kwa Kinyamwanga, za harusi, za maziko na za mavuno. Kwaya huziazima, huzipeleka hata Tunduma na ng'ambo, na baada ya miaka michache husemwa ni nyimbo za zamani zisizo na mwenyewe. Ndivyo lilivyopotea daftari la Nancefield: halikuibwa na adui, liliazimwa na wapenzi wa nyimbo. Basi kila wimbo mpya na uandikwe, maneno na sol-fa pamoja, na chini yake jina zima la mtunzi, mahali na mwaka; na nakala moja ikae shuleni. Kazi hiyo ni ya nusu saa, nayo humheshimu mtunzi angali hai.