Namna galaksi za maombweni zilivyopimwa

Mwishoni mwa Juni, msimu wa kuvuna pamba Maswa ukiwa umefika na mvua zimekatika, anga la Simiyu huwa safi usiku. Yapata saa tatu, ukielekea kaskazini na kuinua macho karibu nusu ya njia kutoka upeoni hadi utosini, unatazama upande liliko ombwe la Boötes. Kwa macho huoni tofauti yoyote, maana nyota zote zinazoonekana pale ni za galaksi yetu, Njia Maziwa. Ombwe lenyewe liko nyuma yake mbali sana, kiasi cha miaka nuru milioni 700, na upana wake unafikia miaka nuru milioni 300. Eneo la ukubwa huo lingetarajiwa kuwa na maelfu ya galaksi. Zilizopatikana humo ni makumi.

Robert Kirshner, Augustus Oemler, Paul Schechter na Stephen Shectman, waliolitangaza mwaka 1981, hawakuwa wakitafuta ombwe. Walikuwa wakipima umbali wa galaksi katika vipande vidogo vya anga. Mwanga wa galaksi ukipasuliwa rangi kwa rangi, huonyesha mistari inayosogea upande wa wekundu kadiri galaksi inavyotukimbia kwa kasi, na kasi hiyo ndiyo inayotoa umbali. Katika vipande vitatu vya kaskazini vilivyo mbali kimoja na kingine, galaksi zilikosekana kwenye kasi ile ile, karibu kilomita 15,000 kwa sekunde. Pengo moja lingeweza kuwa bahati. Matatu yaliwalazimu kurudi kupima vipande vingine 283, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalithibitisha kwamba ombwe lipo kweli.

Kujua mahali palipo patupu ni nusu ya kazi. Swali zito zaidi ni hili: je, galaksi chache zinazokaa humo zimeumbika tofauti na zile za kwenye msongamano? Kulijibu kulihitaji ramani kubwa, nayo ikatoka New Mexico, Marekani, kwa darubini ya mradi wa Sloan yenye kioo cha mita 2.5. Mafundi walitoboa mamia ya matundu kwenye sahani za alumini, kila tundu likielekea galaksi yake, kisha wakachomeka nyuzi 640 za kupitisha mwanga. Kwa ramani hiyo, uchambuzi wa mwaka 2012 ulitambua maombwe 1,054. Yalichukua asilimia 62 ya ujazo uliopimwa, lakini yalikuwa na asilimia 7 tu ya galaksi angavu.

Miaka kadhaa kabla yake, kundi la Randall Rojas lilikuwa limeshaonyesha kwamba galaksi za maombweni kwa wastani zina rangi ya buluu zaidi na zinazaa nyota kwa bidii zaidi kulingana na uzito wao. Buluu ni dalili ya ujana, kwa sababu nyota za buluu ni za moto sana na hufa mapema. Ni rahisi kuishia hapo na kusema upweke ndio uliozifanya hivyo. Mimi naona hapo ndipo hasa pa kusimama na kuuliza.

Galaksi za maombweni kwa kawaida ni ndogo, na galaksi ndogo popote ilipo huwa na gesi nyingi na rangi ya buluu. Mkulima wa Maswa akitaka kujua kama udongo wake unazaa pamba kuliko wa mwenzake wa Bariadi, lazima wapande mbegu ile ile, wiki ile ile, kwa nafasi zile zile. Vinginevyo analinganisha mbegu na kudhani analinganisha udongo. Katika elimu ya galaksi, mbegu ni uzito. Bila kuweka galaksi za uzito sawa upande huu na ule, tofauti yoyote haina maana. Na uzito ulipowekwa sawa, tofauti iliyotangazwa ilipungua.

Gesi inaonyesha hilo vizuri. Kundi la Kathryn Kreckel na Rien van de Weygaert liliteua galaksi 60 zilizo katikati kabisa ya maombwe, likazisikiliza kwa darubini ya redio ya Westerbork, Uholanzi, yenye masahani 14. Haidrojeni baridi hutoa wimbi la urefu wa sentimita 21, na nguvu ya wimbi hilo hutoa uzito wa gesi. Zilionekana zina gesi tele, lakini kiasi hicho ni cha kawaida kwa galaksi za mng'ao kama wao. Lililovutia zaidi ni umbo: diski nyingi za gesi zilikuwa zimevurugika, kana kwamba bado zinapokea gesi mpya. KK 246, galaksi ndogo iliyo katika ombwe jirani na Njia Maziwa, ina diski ya gesi inayoenea takriban mara tano ya sehemu yake yenye nyota, tena hailingani nayo kimwelekeo.

Kwa nini gesi hiyo haijanyang'anywa, kama inavyotokea kwenye msongamano? Sehemu ya jibu ilirushwa kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina Uhuru iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Mahali hapo, karibu na ikweta, paliiwezesha kuzunguka nje ya ukanda wa mnururisho ambao ungevuruga vipimo vyake. Ilipima eksirei, na ikaonyesha kuwa makundi makubwa ya galaksi kama lile la Coma yanang'aa kwa eksirei katika eneo pana. Mng'ao huo ni wa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi iliyojaa kati ya galaksi. Mwaka 1972 James Gunn na Richard Gott walionyesha kwamba galaksi ikiingia humo kwa kasi, gesi hiyo huisukuma na kuipokonya gesi yake baridi. Maombweni hakuna bahari hiyo ya moto, na migongano ni michache.

Kazi ninayoiamini zaidi ni ya Jesús Domínguez-Gómez na wenzake, iliyotoka mwaka 2023. Walichukua mwanga wa galaksi 987 za maombweni kutoka Sloan, wakauchambua kwa kompyuta kuwa mchanganyiko wa nyota za rika mbalimbali, hadi mchanganyiko ukafanana na mwanga halisi. Hivyo walipata historia: nyota ngapi zilizaliwa lini. Kisha wakalinganisha na galaksi za nje ya maombwe, zilizojipanga kama nyuzi, kuta na makundi, uzito kwa uzito. Kwa wastani, zile za maombweni zilikusanya nyota zao polepole zaidi. Tofauti hii ilibaki hata baada ya uzito kusawazishwa, na ndiyo maana naiona nzito.

Ina upungufu mmoja wa kipimo. Uzi mmoja wa Sloan hufunika sehemu ndogo ya anga, kwa hiyo katika galaksi nyingi za karibu ulisoma kitovu tu, na pembezoni ndiko gesi mpya hutua. Ndiyo sababu mradi wa CAVITY, unaoongozwa na Isabel Pérez wa Chuo Kikuu cha Granada, ulianza mwaka 2021 kutumia darubini ya mita 3.5 ya Calar Alto, Hispania, yenye kifurushi cha nyuzi 331 zinazofunika galaksi nzima kwa mara moja. Lengo ni galaksi 300 hivi kutoka maombwe 15, na data za galaksi 100 za kwanza ziliwekwa wazi mwaka 2024 kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Pembezoni zikionekana changa kuliko kitovu kwa kiwango kinachozidi galaksi za uzito huo huo nje ya maombwe, tutajua kwamba ukuaji wa polepole unalishwa na gesi inayoendelea kutua. Zikilingana na zile za nje, sababu itabidi itafutwe mapema zaidi, katika maada isiyoonekana ambamo galaksi hizi zilianza.